Aliyewatoa Tisa

Chatsworth, Durban
6 Machi 2011

Kwa Bibi yangu Khairoonisa,

Assalamu alaikum. Shikamoo, Bibi. Usishtuke kuona mwandiko usioujua. Mimi ni Naseema, mjukuu wa ndugu yako wa hapa Durban, yule mtoto wa marehemu Mikaeel. Baba yako Jaffer na Mikaeel walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo wewe ni bibi yangu kabisa, hata kama hatujaonana. Anwani yako nimepewa na jirani yetu aliyehiji mwaka jana, akalala hema moja na binti yako kule Mina. Kaniambia simu huisikii vizuri siku hizi, afadhali nikuandikie. Basi naandika.

Sisi wazima. Babu ana miaka themanini na mitatu, macho yamefifia ila mdomo bado una nguvu. Mume wangu anaendesha lori, wiki moja huku, wiki mbili Johannesburg. Nina watoto wawili, msichana wa miaka mitano, na mdogo wake wa miezi minne ambaye anaamini usingizi ni adui wa binadamu. Mimi nashona maovaroli kiwandani, Pinetown. Barua hii naiandika vipande vipande saa ya chai. Ukiona wino umebadilika, ujue ni siku nyingine.

Sasa neno lenyewe. Klabu ya kriketi ya watu wetu, sisi wa asili ya pwani yenu, ile ya zamani tulipokuwa bado tunaishi Bluff, karibu na bandari, kabla serikali haijatuhamisha, inataka kuweka ubao wa majina ukumbini. Katibu wake ni mwalimu mstaafu. Amepata daftari la mechi za mwaka 1909 mpaka 1912, na jina la kwanza kwenye ubao litakuwa la Mikaeel.

Bibi, mimi kriketi siijui. Nilidhani ni watu wenye nguo nyeupe wanaosubiri chai. Mwalimu alikaa jikoni kwangu akasimamisha vijiko vitatu kwenye glasi. "Hivi ndivyo vijiti. Huyu anarusha mpira avipige, yule anavilinda kwa gongo lake. Vikigongwa, ametoka. Wakitoka kumi, zamu yao imekwisha." Halafu akanifungulia ukurasa wa Desemba 1912, mashindano ya mikoa ya wachezaji wasio Wazungu, Natal, yaani timu yetu, na Kimberley. "Hesabu mara ngapi jina la mzee wenu limeandikwa."

Nikahesabu. Tisa. Nikarudia kwa kidole, tisa. Watu tisa kati ya kumi, wametolewa na mtu mmoja! Nikamtazama mwalimu, naye kavua miwani anaifuta. Akasema, "Wa kumi alikimbia vibaya akajitoa mwenyewe. Angetulia kidogo, naye angekuwa wa mzee wenu."

Babu anaijua mechi hiyo mpira kwa mpira, alihadithiwa na baba yake. Watoto wote wa nyumba hii tumelazwa kwa hadithi hiyo. Lakini nilikuwa nafikiri ni hadithi, Bibi. Kuiona kwa wino ni kitu kingine.

Baada ya mechi hiyo jina halionekani tena. Picha zetu zote zilipotea tulipohamishwa. Labda baba yako alisafiri na moja? Mzee Mikaeel amesimama na timu, au hata peke yake? Ubao utawekwa mwezi wa Desemba. Tafadhali tazama masandukuni.

Nakubusu mikono,
Naseema


Ngamiani, Tanga
24 Aprili 2011

Mjukuu wangu Naseema,

Wa alaikum salaam. Marahaba, mwanangu, marahaba mara nyingi. Barua yako imetembea wiki tano, lakini imefika na afya yake. Mimi sijambo, ila goti la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Binti yangu uliyemtaja anakusalimu. Mvua za masika zimetuharibia ukuta wa uani, tunangoja jua tuukandike. Mtoto asiyelala mpake mafuta ya nazi ya uvuguvugu tumboni, usimtingishe sana.

Picha sina. Baba alikuja Tanga na sanduku la bati na kofia, basi. Alioa akiwa mtu mzima, mimi nikazaliwa mwaka 1930. Jina hili la Khairoonisa alinipa yeye, alisema ni jina la kwao Durban, na watu wa hapa walinicheka utoto wangu wote. Hicho ndicho nilichonacho cha Durban.

Mambo ya kriketi hayakuzungumzwa nyumbani kwetu. Siwezi kukusaidia. Andikeni jina kama lilivyo daftarini, na Mungu awabariki.

Na mimi nikuulize moja kisha tulifunge. Marehemu Mikaeel, vile vidole alivyokatwa, vilimsumbua uzeeni? Aliweza kufunga vifungo vya shati lake? Nijibu hilo.

Msalimie kaka yangu, babu yako. Mwambie tuombeane.

Bibi yako,
Khairoonisa


Chatsworth
19 Juni 2011

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini ukuta umesimama. Hapa baridi imeingia. Mafuta ya nazi yamefanya kazi siku mbili, siku ya tatu mtoto akagundua ujanja wetu. Meno yanamtoka. Binti yangu kaanza shule na kila siku anarudi na rafiki mpya na soksi moja. Babu alikohoa wiki mbili, sasa nafuu.

Nakujibu ulichouliza. Vidole vilimuuma kila baridi, vyote vitatu vya mkono wa kushoto, kama bado viko. Vifungo alifungwa na mkewe, na mkewe alipofariki, Babu ndiye aliyemfunga kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Nilipomsomea Babu swali lako akasema, "Kajuaje habari za vidole?" Kwa sababu, Bibi, hivi ndivyo Babu alivyoambiwa: baba yako alisafiri kwanza, na ajali ya makaa ya mawe bandarini ikatokea baada ya miezi. Ndugu hao wawili hawakuandikiana tena mpaka kufa. Hakuna aliyeweza kuwaambieni. Mimi sikuandika neno la vidole katika barua yangu. Nimeuliza kila mtu, hakuna aliyeandika.

Tena kuna jambo jingine. Kando ya jina la Mikaeel, mwandishi wa daftari ameandika kwamba alirusha kwa mkono wa kushoto. Babu akasema, "Baba? Kushoto? Baba alijifunza kuandika kwa kulia, alipiga nyundo kwa kulia, hata jiwe la kumfukuza mbwa alitupa kwa kulia." Akasema mwandishi alikuwa amelewa. Mwalimu akamwambia, Mzee, amelewa miaka minne mfululizo?

Kiwandani nakaa na Cathy, Mkongo, mama wa Uvira. Kiswahili changu cha nyumbani akikisoma anacheka, lakini ananisahihisha. Barua hii kaisoma akasema, "Ya dada, barua iko muzuri, lakini uko unauliza mama muzee kama polisi." Labda. Nisamehe.

Nakupenda kabla sijakuona, Bibi, ila sitakuzunguka. Kuna kitu unakijua. Desemba Babu atasimama mbele ya watu wote wa kwetu, na macho yake yasiyoona, ahadithie mechi ile na mkono wake uwe juu ya ubao. Sitaki asimame juu ya kitu kisichokuwepo. Na sisi watu wa hapa, serikali ilituandika leo hivi, kesho vile, mara Bantu, mara Wahindi wa aina nyingine. Tumeandikwa vibaya vya kutosha. Ubao huu tunauandika wenyewe.

Niambie.

Naseema


Chatsworth
15 Septemba 2011

Bibi Khairoonisa,

Shikamoo. Miezi mitatu sasa. Nilikwenda posta mara nne, mpaka yule kijana wa dirishani ananiita "mama wa Tanga". Kama unaumwa, mwambie binti yako aniandikie mstari mmoja tu nijue. Kama umekasirika, kasirika, ni haki yako, lakini usininyamazie.

Sisi wazima. Mtoto anatambaa.

Jumamosi mwalimu alinichukua uwanjani, vijana walikuwa wakifanya mazoezi. Akanipa mpira niushike. Sikujua, Bibi, ni mgumu kama jiwe! Umeshonwa katikati kwa uzi mnene, mshono mzuri, mimi fundi nakwambia. Akanisimamisha mahali pa kurushia, akanionyesha vijiti kule mwisho, vyembamba kama njiti za mishikaki. Nikarusha. Ulikwenda kumgonga mtu aliyekuwa anakunywa maji zake. Vijana wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama umbali ule, na vile vijiti, na nafikiri: tisa. Mtu alikuwa na nini ndani ya mkono wake?

Mtu wa kuchonga ubao anataka majina mwisho wa Novemba.

Ni mimi,
Naseema


Ngamiani, Tanga
8 Oktoba 2011

Mjukuu wangu Naseema,

Wa alaikum salaam. Sikuwa naumwa. Barua yako ya Juni niliisoma mara mbili nikaiweka kabatini chini ya nguo. Ya Septemba binti yangu aliisoma kabla yangu, akaniambia, "Mama, huyu mtoto hatakuacha." Nikamwambia, damu ya kwetu hiyo. Ukuta umesimama. Goti ni lile lile.

Baba alinikataza. Alikuwa amelala kitanda alichofia, mwaka 1958, akanihadithia yote, kisha akaniambia, "Lile jina nimelirudisha kwa mwenyewe. Asije mtoto wangu akalidai." Nikamwahidi. Leo ninavunja ahadi hiyo, na wewe ndiye uliyenivunjisha. Mungu atuelewe sote wawili.

Aliyewatoa tisa ni baba yangu, Jaffer.

Sikiliza. Baba alikuwa kibarua wa makaa ya mawe kule Bluff, akipakia meli. Ruhusa hakuna. Ukikosa siku mbili, tikiti yako ya kazi anapewa mwingine. Mikaeel, kaka yake mkubwa, alilima mboga zake akazungusha mwenyewe, hana bosi. Basi siku za mechi walibadilishana. Mikaeel alikwenda makaani na tikiti ya Jaffer. Jaffer alikwenda uwanjani na jina la Mikaeel, kwa kuwa majina ya wachezaji yalitoka gazetini, na msimamizi alipenda gazeti. Msimamizi alisoma tikiti, hakusoma sura. Kwa vumbi la makaa wote walikuwa weusi mpaka kope. Miaka minne walifanya hivyo, na hakuna aliyejua ila wao na wachezaji wenzao.

Na mkono ni wa kushoto kweli. Utotoni, chuo cha Kurani, mwalimu alimfunga baba mkono huo kwa kitambaa ili ajifunze kula na kuandika kwa kulia. Akajifunza. Lakini kutupa, baba alisema, mkono haukusikia dini wala fimbo.

Mechi ya Kimberley ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza aliwatoa watatu. Akarudi nyumbani anaimba. Akamkuta kaka yake amekaa mlangoni, mkono umefungwa kwa shuka, shuka limelowa. Behewa la makaa lilikuwa limembana. Vidole vitatu.

Baba alivua viatu vya uwanjani akavitupa jalalani. Mikaeel akamwambia, "Kaviokote." Baba hakwenda. Mikaeel akainuka mwenyewe, akaenda, akaviokota, akavifuta kwa mkono uliobaki, akaviweka mbele ya miguu ya mdogo wake. "Kesho usipokwenda, vidole vyangu vimekwenda bure."

Siku ya pili baba aliwatoa sita. Aliniambia hakuona watu wala hakusikia makofi. Alisema, "Mkono haukuwa wangu. Ulikuwa umeazimwa."

Wiki ile ile akapanda meli. Katika kitabu cha makaani, aliyekatwa vidole ni Jaffer. Jaffer mwenye vidole kumi akionekana Bluff, wote wawili wangefungwa kwa udanganyifu. Kwa hiyo mwenye mikono mizima aliondoka, akabaki asiye nayo, na jina lake kwenye daftari la ushindi. Baba hakuandika barua hata moja. Si kwamba hakumpenda kaka yake. Aliogopa jibu.

Hapa Tanga Wahindi walicheza kriketi Jumapili. Baba alizunguka njia ya mbali asipite pale. Siku moja, nina miaka tisa, tulikuwa na haraka tukapita. Mpira ukatoka uwanjani ukaja kusimama miguuni pake. Wakampungia mkono, "Mzee, tupa!" Akauokota. Niliona vidole vyake vikitembea juu ya ule mshono, vyenyewe, kama vya kipofu anayesoma uso wa mtu. Nilidhani atautupa. Hakuutupa. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, kila mtu anamngoja, akaukabidhi mkononi mwa kijana mmoja, akarudi.

Sasa unajua. Sikujibu kwa sababu nami niliogopa jibu. Miaka yote nimedhani nyumba yenu inatulaumu, na ingekuwa haki yenu. Fanya unaloona.

Khairoonisa


Chatsworth
18 Desemba 2011

Bibi yangu,

Shikamoo, na salamu za nyumba nzima. Mtoto ametembea! Hatua nne, kutoka kwenye kochi mpaka kwa Babu. Mume wangu yuko nyumbani mpaka Januari. Nimechoka kama kawaida, lakini leo nimechoka vizuri.

Barua yako ilifika katikati ya Novemba. Niliisoma kwenye kituo cha teksi Pinetown, nikaacha teksi mbili ziende. Cathy akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, hakuna, kuna mtu amezaliwa.

Nilikaa nayo siku tatu. Nakiri, Bibi, nilifikiri kuificha. Mzee wa miaka themanini na mitatu, umpokonye baba yake kwa sababu gani? Nilifungua kinywa mara mbili nikazungumza habari za mchuzi. Siku ya nne nikajiambia, mimi ndiye niliyekuandikia kwamba tumeandikwa vibaya vya kutosha. Nikakaa karibu yake nikamsomea yote, sikuruka neno.

Akainuka akaenda chumbani. Siku mbili alikula huko, mlango umefungwa, na msichana wangu ndiye pekee aliyeruhusiwa kuingia. Eish, Bibi, nililia kwenye karo la vyombo. Siku ya pili jioni akaniita. "Nisomee tena pale pa viatu."

Nikamsomea.

"Kwa hiyo siku ya kwanza alikuwa makaani."

"Ndiyo, Babu."

"Na siku ya pili?"

"Alikuwa nyumbani, na mkono wake."

"Miaka yote minne. Kila mechi."

"Kila mechi, Babu."

Akakaa. Uso wake uligeuka, sijui nikuelezeje, kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye chumba alichokaa maisha yake yote. Akasema, polepole, "Alinihadithia kila mpira. Upepo ulitoka wapi, nani aliteleza, nani alicheka. Kila mpira, Naseema. Na hakuuona hata mmoja."

Nadhani siku ile ya pili, jioni, baba yako alirudi akakaa naye mlangoni, akampa mechi yote kwa mdomo, mpira mmoja mmoja, ili awe nayo. Na yeye akaitunza miaka arobaini, haikupungua. Sijui ninayemstaajabia zaidi ni yupi, aliyewatoa tisa, au huyu.

Nikamwambia Babu, tuandike majina yote mawili. Akakataa kwa sauti. "Baba hakucheza. Msimwandike asichofanya. Andikeni Jaffer." Halafu akanipa maneno yako, nayaandika kama alivyosema: "Dada yangu, hatujawahi kukulaumu, maana hatukujua, na sasa tunajua, bado hatukulaumu. Ulinyimwa baba wa kujivunia. Mchukue."

Juzi tarehe 16, sikukuu ya taifa, ukumbi ulijaa. Ubao ni wa mti mwekundu, herufi zimechongwa. Juu kabisa: JAFFER. Babu aliupapasa, herufi kwa herufi, mpaka ya mwisho. Wakampa kiti akakikataa. Akaanza kuhadithia amesimama.

"Baba yangu alipochukua mpira..." Akarudisha kidole kwenye ubao. Akasema, "Niwieni radhi. Baba yangu mdogo." Akaanza upya.

Bibi, aliwahadithia wote tisa. Hadithi niliyolazwa nayo, mpira ule ule, upepo ule ule, na kila alipokuwa baba yake, akamtoa kwa mkono wake mwenyewe akamweka baba yako. Alikosea mara moja tu, pale mwanzo. Wanaume wazima walikuwa wanafuta macho kwa vitambaa vya meza. Alipomaliza, kijana mmoja wa timu ya sasa, ambaye hakuwa na habari, akauliza kutoka nyuma, kwa adabu:

"Babu, na huyo Mzee Mikaeel unayetuhadithia siku zote, yeye siku hiyo alikuwa wapi?"

Babu akamgeukia, kichwa juu.

"Kazini," akasema.

Ukumbi mzima ukasimama.

Kwa mikono miwili nakupa salamu hizi,
mjukuu wako,
Naseema